Vegani safarini: jiko lako, meza ya hoteli, au kifurushi cha kila kitu?

Mtu akiniambia anaahirisha safari kwa hofu ya kukosa chakula, namwelewa. Njaa ya safarini haifanani na njaa ya nyumbani. Nyumbani unajua kabati lipi lina dengu. Safarini ni saa mbili usiku, mvua inanyesha, mwenzako amechoka, na mhudumu wa tatu mfululizo anakwambia "nyama tunaitoa tu", akimaanisha ataichopoa kutoka kwenye mchuzi uleule. Hapo ndipo mtu hula asichokitaka, au hulala na njaa akiapa kwamba safari si zake.

Nimesafiri kama vegani, yaani mtu asiyekula chochote kitokanacho na mnyama, kwa miaka kadhaa, na nimejiridhisha kwamba kinachochosha zaidi si uhaba wa chakula. Chakula cha mimea kipo karibu kila mahali penye watu. Kinachochosha ni kuamua ukiwa na njaa. Kwa hiyo ninapolinganisha njia mbili za kusafiri, siulizi ipi ina vyakula vingi zaidi. Nauliza ipi itaniachia maamuzi machache pale tumbo linapoanza kunguruma. Kipimo hicho ndicho nilichokitumia hapa chini, kwenye malazi, ndege, maneno ya kumwambia mpishi na namna ya kutafuta mahali pa kula.

Neno "vegani" lenyewe lilizaliwa Uingereza mwaka 1944, Donald Watson na wenzake walipoanzisha The Vegan Society. Walihitaji jina la kuwatofautisha na walamboga waliokuwa wakinywa maziwa na kula mayai. Tofauti hiyo ya mwaka 1944 ndiyo inayotusumbua mpaka leo. Hoteli inaandika kwamba ina vyakula vya walamboga, unafika, unakuta kila sahani imenyunyiziwa jibini. Na sisi tunaozungumza Kiswahili tusijidanganye kwamba neno letu linasaidia: kwa wengi "mboga" ni chochote kinacholiwa na wali au ugali, samaki akiwemo. Ukisema "nakula mboga tu" hujasema kitu.

Malazi: hapa ndipo safari huamuliwa

Wengi huanza na tiketi, kisha vivutio, na malazi yanakuja mwisho, popote palipo nafuu. Mimi nageuza mpangilio. Mahali utakapolala ndipo utakapoamka na njaa na ndipo utakaporudi na njaa. Ukipapatia, mambo mengine yote hupungua uzito.

Nyumba au chumba chenye jiko ndicho chaguo langu la kwanza kwa safari ya usiku tatu au zaidi. Sababu si kwamba napenda kupika nikiwa mapumzikoni. Jiko linaniondolea milo miwili kati ya mitatu kwenye orodha ya wasiwasi. Nikishajua kwamba asubuhi nina uji, matunda na chai, na kwamba usiku nikikwama kuna tambi na maharage ya kopo, mlo wa mchana unaweza kuwa wa kujaribu bahati. Nikikosa, sijapoteza kitu.

Lakini neno "jiko" kwenye tangazo halina maana moja. Nimewahi kufika kwenye nyumba iliyotangazwa kuwa na jiko nikakuta birika la umeme na vikombe viwili. Tazama picha kwa utulivu: kuna moto wa kupikia au ni maikrowevu tu? Kuna sufuria? Friji ni ya kuweka chakula au ni ile ndogo ya vinywaji, isiyopoa vya kutosha? Kama picha hazisemi, muulize mwenye nyumba kwa kutaja vitu kimoja kimoja. Halafu pima umbali wa kwenda sokoni au dukani kabla ya kupima umbali wa kwenda kwenye vivutio. Kivutio utakwenda mara moja, sokoni utakwenda kila siku.

Kasoro ya jiko iko kwenye usiku wa kwanza. Unafika umechelewa, maduka yamefungwa, na jiko lako zuri halina hata chumvi. Dawa yake ni kubeba mlo mmoja kamili wa kufikia: kitu kikavu kinachoiva kwa maji ya moto, pamoja na karanga au korosho. Kasoro nyingine ni ya moyo zaidi. Ukipika kila siku utarudi nyumbani bila kuonja chochote cha watu wa huko, na mimi naona hiyo ni hasara ya kweli. Jiko ni la kukupa utulivu, lisikufungie ndani.

Hoteli yenye kifungua kinywa ina sura nzuri kwenye karatasi, lakini kwa vegani mara nyingi ndiyo pesa iliyopotea. Ukiondoa mayai, soseji, jibini, mtindi na keki, kwenye meza ndefu hubaki matunda, mkate na kahawa isiyo na maziwa. Mkate wenyewe unaweza kuwa na maziwa au siagi, na viazi vilivyokaangwa vinaweza kuwa vimekaangwa kwa siagi. Hata nafaka za boksi zilizoongezwa vitamini D3 huenda vitamini hiyo ilitokana na mafuta ya sufu ya kondoo. Kila mtu ana mpaka wake, na simhukumu anayeipita hiyo ya mwisho. Ila ni vizuri ujue kabla hujafika mezani.

Hoteli inakuwa chaguo zuri ikiwa utaiuliza mapema, na ukiiuliza swali sahihi. "Mna chakula cha vegani?" ni swali ambalo jibu lake siku zote ni ndiyo. Mimi huandika hivi: "Sili nyama, samaki, mayai, maziwa, siagi wala asali. Asubuhi mtanipa nini, na kimepikwa kwa mafuta gani?" Kisha nasoma jibu kwa makini. Wakinitajia sahani mbili tatu kwa majina, nalala kwa amani, maana yupo mtu aliyeenda jikoni kuuliza. Wakijibu "usijali, tuna kila kitu", natafuta hoteli nyingine. Kigezo hiki hakijawahi kunidanganya.

Kifurushi cha kila kitu, yaani malazi, milo yote na vinywaji kwa bei moja, walio wengi kati yetu hukikataa papo hapo. Nami nilikikataa kwa muda mrefu. Hoja ya kukikataa iko wazi: unalipia mapema vyakula ambavyo hutavigusa, na umefungiwa mahali pamoja. Ila kina jambo moja ambalo jiko na hoteli ndogo hazina, nalo ni mpishi mkuu mmoja anayeongoza jiko kubwa, ambaye utakuwa naye wiki nzima. Ukimtafuta siku ya kwanza, nje ya saa za mlo, akakuzungusha kwenye meza akikuonyesha kipi kina siagi na kipi hakina, umemaliza kazi ya siku saba kwa dakika kumi. Jiko lenye watu wengi lina viungo vingi pia, na mpishi mwenye moyo hufurahi kupata mtu wa kumpikia kitu tofauti. Hatari ni kupewa sahani ileile siku saba. Nyingine ni miko ya kupakulia inayotembea kutoka bakuli moja hadi jingine, kwa hiyo pakua mapema meza inapofunguliwa.

Hosteli ni jiko la wote. Faida na hasara zake ni zilezile za jiko, ukiongeza sufuria yenye mafuta ya mtu mwingine na chakula chako kinachopotea kwenye friji. Andika jina lako kwenye mfuko, na uoshe sufuria kabla, si baada tu.

Ukinilazimisha kuchagua: usiku mmoja au miwili, chukua hoteli bila kifungua kinywa, yenye friji, karibu na duka. Safari ya kikazi yenye mikutano kutwa, chukua hoteli iliyokujibu kwa majina ya sahani. Familia yenye watoto, jiko, wala tusijadiliane. Kifurushi ni cha mtu anayetaka kupumzika kweli na haoni aibu kumtafuta mpishi.

Ndani ya ndege: kuagiza mlo au kubeba chako

Mashirika ya ndege hutumia vifupisho vya herufi nne kwa milo maalumu, na kukosea herufi moja ni kuletewa jibini angani. Hivi ndivyo vinavyotuhusu:

| Kifupisho | Maana yake kwa kawaida | Kinamfaa vegani? |
|---|---|---|
| VGML | Mlo wa mimea pekee, bila maziwa wala mayai | Ndiyo, hiki ndicho chako |
| VLML | Mlo wa mlamboga, una maziwa na mayai | Hapana |
| AVML | Mlamboga kwa mtindo wa Kihindi, mara nyingi una maziwa | Hapana, mpaka uthibitishe |
| VJML | Mlo wa Kijaini (dini ya India), bila vitunguu, viazi na mizizi mingine | Huenda, maziwa hutegemea shirika |
| RVML | Mboga mbichi | Ndiyo kwa kawaida, ila haushibishi |

Mashirika mengi hutaka taarifa angalau saa 24 kabla ya kuruka, mengine zaidi ya hapo. Na agizo si ahadi. Niliwahi kubadilishiwa ndege kwa sababu ya kuchelewa, nikapanda ya pili nikiwa na uhakika mlo wangu umenifuata. Haukunifuata. Nilikaa saa tisa na kipakiti cha karanga na juisi, huku abiria wa pembeni akinisukumia tunda lake kwa huruma ambayo siisahau. Tangu hapo nimejifunza kwamba tiketi ikibadilishwa, agizo la chakula linaweza kubaki kwenye tiketi ya zamani. Lihakikishe upya unapojiandikisha kwa safari uwanjani. Ikiwa tiketi umeuziwa na shirika moja lakini ndege ni ya jingine, zungumza na lile linalorusha ndege.

Kubeba chakula chako hakuna wa kukuangusha, isipokuwa mkaguzi. Kwenye viwanja vingi kanuni ya mililita 100 kwa vimiminika bado ipo, na siagi ya karanga, pamoja na vitu vya kupaka kama vile, huhesabiwa kimiminika. Nimewaona watu wakinyang'anywa chupa nzima na kuishia kubishana bila faida. Beba vikavu: mkate uliokwisha kupakwa, karanga, korosho, matunda makavu, mbaazi za kuokwa. Na chochote kibichi kimalize kabla ya kushuka. Australia na New Zealand ni wakali mno kuhusu matunda na mbegu, na tunda moja lililosahauliwa kwenye begi bila kutajwa linaweza kukuletea faini.

Kwa safari ya saa chini ya nne sihangaiki kuagiza. Zaidi ya hapo nafanya yote mawili: naagiza VGML, na begini nina chakula cha kunitosha kana kwamba sikuagiza kitu. Mlo ukija, cha begini kinakuwa mlo wangu wa usiku wa kwanza.

Kadi ya karatasi au simu ya kutafsiri

Nilikuwa mtu wa simu. Unaongea, inatafsiri, mnaelewana. Ubora wake mkubwa ni maswali ya kurudi: mpishi akiuliza "na asali je?", simu inakufikishia swali. Kamera yake pia inasoma menyu na maandishi ya nyuma ya pakiti, na hilo karatasi haliwezi. Ila simu inahitaji chaji, na inahitaji bando au lugha iliyopakuliwa mapema. Tena ina tabia ya kutafsiri "vegani" kuwa "mlamboga" bila kukuambia.

Kadi ni karatasi ndogo iliyoandikwa kwa lugha ya uendako. Inasema usichokula na unachokula, na inaingia jikoni. Hapo ndipo inapoishinda simu. Huwezi kumpa mhudumu simu yako aende nayo kwa mpishi, lakini kadi unampa. Mhudumu akibeba ujumbe kichwani, nusu yake humwagika njiani.

Siri ya kadi nzuri ni kutaja vitu badala ya kutaja jina. Katika lugha nyingi neno "nyama" halimhusishi kuku wala samaki. Andika nyama, kuku, samaki, dagaa, kamba, mayai, maziwa, siagi, samli, jibini, asali. Halafu ongeza mstari ambao wengi huusahau, nao ndio unaookoa: supu ya mifupa, mchuzi wa samaki, mafuta ya nguruwe na jelatini, ile itokanayo na ngozi na mifupa ya wanyama. Wali unaweza kuonekana mweupe usio na neno, kumbe umepikwa kwa supu ya kuku. Malizia kwa unachokula, kwa sababu mpishi anayesoma orodha ya makatazo tu hukata tamaa. Mpe pa kuanzia: mchele, viazi, maharage, dengu, mboga za majani, mafuta ya mimea. Umwombe mtu anayeijua lugha hiyo aipitie.

Kuna wanaoshauri udai kwamba una mzio wa maziwa ili upewe uzito. Mimi nakataa, na nakataa kwa nguvu. Jiko husimamisha kazi kwa ajili ya mtu mwenye mzio, na kila anayedanganya humfanya mgonjwa wa kweli asiaminiwe. Isitoshe, mzio haukulindi. Sheria ya Umoja wa Ulaya inataja vizio 14, yaani vyakula viletavyo mzio, na ya Marekani 9. Maziwa, mayai, samaki na kamba wamo, lakini nyama, jelatini, asali na mafuta ya nguruwe havimo. Ukitumia orodha ya vizio kama chujio la mwanzo dukani, inasaidia sana. Ukiishia hapo, bado hujamaliza kusoma pakiti.

Kwenye pakiti hizo, kumbuka namba za viongezwa vya chakula: E120 ni rangi itokanayo na wadudu, E901 ni nta ya nyuki, na E904 ni shelaki, nayo ya wadudu. E471 inaweza kutoka kwa mmea au kwa mnyama. Alama ya V-Label pia inahitaji jicho la pili, kwa kuwa V ileile yenye jani hutumika kwa bidhaa za walamboga na za vegani. Soma neno lililoandikwa chini yake. Alama ya ua la alizeti ya The Vegan Society haina utata huo.

HappyCow au ramani ya kawaida

HappyCow, tovuti iliyoanza mwaka 1999, inaorodhesha migahawa katika nchi zaidi ya 180 na kuitenganisha: ya vegani, ya walamboga, na ya kawaida yenye kitu kwa ajili yetu. Utenganisho huo ni kazi ambayo ramani ya kawaida ya simu haikufanyii. Ramani ukiiandikia "vegani" inakuletea hata mgahawa wa nyama ambao mteja mmoja alilalamika kwamba hauna kitu cha vegani. Lakini ramani inaishinda kwa saa za kufungua na kwa habari mpya. Orodha ya HappyCow hutegemea wasafiri wanaopita, na kwenye miji midogo maoni ya mwisho yanaweza kuwa ya miaka mitatu nyuma, mgahawa ukiwa umeshafungwa.

Navitumia kwa mfuatano. Nikiwa bado nyumbani natafuta kwenye HappyCow, nachagua sehemu tatu tu zilizo karibu na malazi, kisha nathibitisha kwenye ramani kwamba zipo na zinafunguliwa siku nitakayofika, halafu nazihifadhi zisomeke bila intaneti. Ni tatu, si ishirini. Ukiwa na ishirini umejirudishia maamuzi yaleyale uliyokuwa unayakimbia.

Peke yako, na wenzako, au na kundi la watalii

Peke yako ni rahisi kwa tumbo. Na wenzako wasio vegani ni rahisi kwa moyo, mradi mkubaliane kabla: mlo mmoja kwa siku mahali unapochagua wewe, mlo mmoja wanapochagua wao baada ya wewe kula kidogo. Sijaona urafiki uliovunjika kwa mpango huo. Nimeona uliopata nyufa kwa kuzunguka mitaa saa nzima watu wakiwa na njaa.

Kundi la watalii lenye kiongozi linategemea mtu mmoja, na swali ni lile la hoteli: mwandikie kiongozi mwenyewe, si ofisi iliyokuuzia, umwombe akutajie utakula nini siku ya pili na ya tatu. Kambi na safari za mbali na miji zinataka mpishi ajue kabla ya kufungasha vyakula, kwa sababu akishaondoka hana duka la kurudi.

Na vidonge vya vitamini B12 vibaki kwenye begi la mkononi. Mimea haikupi B12 ya kutegemewa, na bidhaa ulizozoea zilizoongezwa vitamini hiyo huenda usizione uendako.

Kwa safari ya kwanza kabisa ningekuchagulia hivi: usiku nne, mji mmoja, nyumba yenye moto na sufuria ulizoziona kwa macho kwenye picha, sehemu tatu za kula zilizothibitishwa, mlo mmoja mkavu begini. Chapisha kadi mbili. Moja ya kumpa mhudumu, nyingine ikae ndani ya pasipoti, maana ile ya kwanza mara nyingi hubaki jikoni, na mpishi akiibandika ukutani usimdai.